Sikio, gwaride, mtaalamu au mashine: ushahidi upi wa sauti utakufaa?

Saa nane usiku. Umeme umekatika, tochi inakumulika usoni, na aliyeishika humwoni. Unachosikia ni maneno tu: "Toa simu. Na ya mkeo pia." Asubuhi kituoni askari anauliza kama ulimtambua mtu. Unajibu ndiyo, kwa sauti. Anaandika, anafunga daftari, nawe unarudi nyumbani ukidhani umemaliza.

Bado. "Kwa sauti" inaweza kuthibitishwa kwa njia nne, na anayechagua njia isiyolingana na kisa chake huigundua kasoro siku ya kuhojiwa na wakili wa upande wa pili. Nimeyaandika haya kwa aliyekwama hapo: mlalamikaji, mpelelezi, wakili kijana, au ndugu wa mtuhumiwa anayejiuliza kama rekodi ile ya WhatsApp kweli itamfunga mtu.

Mimi nanukuu rekodi kwa ajili ya mawakili. Navaa hedifoni, nasikiliza sekunde tatu, narudisha nyuma, nasikiliza tena. Kazi hiyo imenifunza kutoliamini sana sikio langu. Wakizungumza ndugu wawili wa tumbo moja kwenye simu, karatasi yangu hujaa alama za kuuliza.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza mambo matano yaleyale: inahitaji nini, nguvu yake iko wapi, inaangukia wapi, mahakama inaipokeaje, na inamfaa nani. Usasa sikuuweka kuwa kigezo. Programu ya mwaka huu ikilishwa rekodi mbovu hutoa jibu bovu lenye desimali.

Kuna jambo moja la kulimaliza kabla hatujaanza. Je, sauti ilisikika tu, au ilirekodiwa? Kama ilisikika tu, njia ya tatu na ya nne zimekufa hapohapo, kwa sababu hakuna mtaalamu wala kompyuta inayoweza kupima kumbukumbu iliyo kichwani mwa mtu. Nimeona familia ikichanga fedha za mtaalamu wakati hakuna chochote cha kumpelekea.

1. Sikio la anayemfahamu msemaji

*Inahitaji nini.* Mazoea. Shahidi awe amemzoea msemaji kiasi cha kumjua hata gizani: jirani wa ukuta mmoja, mfanyakazi mwenzake, mume wa zamani. Kusalimiana mara mbili sokoni si mazoea.

*Nguvu yake.* Haina gharama, haisubiri maabara, na kwa visa vya usiku mara nyingi ndiyo pekee iliyopo. Hupata uzito maneno yakiwa mengi. Mtu aliyesimama robo saa nje ya dirisha akitukana, akataja deni la shamba na jina lako la utani ambalo watu wanne tu wanalijua, amekuachia zaidi ya sauti. Ndiyo maana nawasihi mawakili wayaandike maneno yenyewe, wasiandike muhtasari. "Alinitishia" haimsaidii mtu. "Alisema, 'Mama Zawadi, hao ng'ombe utawaona kwenye supu'" inasaidia, maana sasa hakimu anaweza kujiuliza nani alijua habari za ng'ombe.

*Inapoangukia.* Sikio husikia linachokitarajia. Ukiwa na ugomvi na mtu, kila anayegonga mlango usiku ana sauti yake. Na kujiamini kwa shahidi si kipimo. Mwaka 2013 huko Sanford, Florida, katika kesi ya kuuawa kwa kijana Trayvon Martin, mahakama ilipiga rekodi ya simu ya dharura yenye mayowe ya mtu anayeomba msaada. Mama wa marehemu alisema bila kusita kwamba ni mwanawe. Siku hiyohiyo mama wa mshtakiwa, George Zimmerman, akapanda kizimbani akasema ni mwanawe yeye. Sauti ni moja, na kila mama amemlea wake tangu utotoni. Mmoja wao lazima alikosea, na sidhani kama kuna aliyedanganya.

Mayowe, minong'ono, kilio na maneno mawili matatu ya amri ndiyo mahali pabaya zaidi kwa njia hii. Mtu anayekimbia au aliyefunga kitambaa mdomoni hatoi sauti unayoijua.

*Mahakamani.* Kenya na Tanzania zinaupokea, kila moja kwa sura yake. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika uamuzi wa Choge uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za 1985, ilisema utambuzi wa sauti unaweza kuwa na uzito sawa na wa macho kutegemea mazingira, ila mambo matatu yaangaliwe: kwamba sauti ilikuwa ya mshtakiwa kweli, kwamba shahidi aliizoea na akaitambua, na kwamba hali ya wakati ule haikuacha nafasi ya kukosea kilichosemwa na aliyekisema. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekuwa kali zaidi. Katika Rufaa ya Jinai namba 202 ya 2004 iliuita miongoni mwa ushahidi dhaifu kabisa, ikakumbusha kwamba mtu anaweza kuigiza sauti ya mwenzake, na ikataka shahidi awe ameizoea sana sauti hiyo.

Halafu kuna suala la kumtaja mtu mapema. Mahakama hiyohiyo, katika uamuzi uliochapishwa 2002, ilisema kumtaja mshukiwa katika nafasi ya kwanza kabisa ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwa shahidi, na kuchelewa bila sababu kunaitia mahakama shaka. Kwa hiyo jirani wa kwanza kufika akiuliza "Ni nani?", jibu lako kwake nalo ni ushahidi, na jirani huyo anaweza kuitwa.

*Inamfaa.* Mwenye shahidi aliyemzoea mshukiwa kwa miaka, maneno ya kutosha, na jina lililotajwa usiku uleule. Ni bora likiambatana na kitu kingine, hata kidogo: simu iliyokutwa, nyayo, alibi (dai la mshukiwa kwamba alikuwa kwingine) iliyovunjika.

2. Gwaride la sauti

*Inahitaji nini.* Hapa shahidi husikilizishwa sauti kadhaa ataje aliyoisikia. Anahitajika shahidi aliyemsikia mgeni, mshukiwa ambaye sauti yake imerekodiwa, na sauti nyingine zinazofanana na yake kwa jinsia, umri na lafudhi. Mwongozo wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza wa 2003 unataka sauti tisa, moja ya mshukiwa na nane za wengine, kila moja ya kama dakika moja. Nane hizo huchujwa kutoka sampuli zisizopungua ishirini, na zoezi lifanyike ndani ya wiki nne hadi sita tangu tukio.

*Nguvu yake.* Humpa shahidi nafasi ya kukosea. Naona hilo ndilo jambo la maana kuliko yote. Kumleta mtu mmoja, kumwambia aseme "Toa simu", kisha kumuuliza mlalamikaji "Ni huyu?" ni kumpa jibu kabla ya swali.

*Inapoangukia.* Kwenye kumbukumbu. Usiku wa tarehe 2 Aprili 1932, Charles Lindbergh, rubani maarufu wa Marekani ambaye mtoto wake alikuwa ametekwa, alikuwa ndani ya gari karibu na makaburi ya Bronx, New York. Alisikia mtu akiita kwa maneno mawili tu kutoka kwa mbali. Aliliambia baraza la wazee wa mahakama mwaka 1934 kwamba ingekuwa vigumu kumtambua mtu kwa sauti ile. Januari 1935, kwenye kesi yenyewe, alisema bila shaka kwamba sauti ilikuwa ya mshtakiwa, Bruno Hauptmann. Hauptmann alinyongwa? Hapana, aliuawa kwa kiti cha umeme mwaka 1936. Kulikuwa na ushahidi mwingine dhidi yake, lakini mwanasaikolojia Frances McGehee alisukumwa na kesi hiyo kupima kumbukumbu ya sauti za wageni. Matokeo yake ya 1937: baada ya siku moja, wasikilizaji 83 kati ya 100 walimpata mwenye sauti. Baada ya miezi mitatu, 35. Baada ya miezi mitano, 13. Sasa hesabu miezi ambayo jalada la kawaida hukaa kabla shahidi hajasimama kizimbani.

Kuandaa gwaride lenyewe pia kuna mtego. Chukua mshukiwa wa Mombasa anayesema "ndia" pale wengine wanaposema "njia". Mweke kati ya wanaume wanane wa bara, na hata mtu ambaye hakuwepo kwenye tukio atamchagua yeye.

*Mahakamani.* Gwaride tulilolizoea kwetu ni la macho, na kwa Tanzania limewekewa utaratibu katika PGO 232, yaani kanuni za jumla za Jeshi la Polisi. La sauti ni nadra, hivyo atakayeliandaa ajiandae kueleza kila hatua: nani aliteua sauti, ziliteuliwaje, shahidi aliambiwa nini kabla ya kusikiliza.

*Inamfaa.* Mpelelezi mwenye shahidi aliyemsikiliza mgeni kwa muda mrefu, mathalani mtu aliyeshikiliwa na watekaji siku mbili, na mshukiwa aliyekamatwa upesi. Zaidi ya hapo, gharama yake hairudi.

3. Mtaalamu wa fonetiki

*Inahitaji nini.* Rekodi mbili: ile yenye utata na sampuli ya mshukiwa, tena za mazungumzo yanayofanana. Sauti ya mtu anayefoka kwenye daladala hailinganishwi vizuri na ya mtu anayesoma karatasi ofisini.

*Nguvu yake.* Mtaalamu wa fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, husikiliza na kupima. Anasikiliza matamshi, lafudhi, kasi, mahali msemaji anapovuta pumzi, vile anavyosita: "eeh", "yaani", "nini hii". Kwenye kompyuta anapima kimo cha sauti na fomanti, yaani masafa ambayo koo na kinywa huyakuza katika kila irabu. Anaweza pia kujibu swali ambalo si la "nani" bali la "kutoka wapi".

Kisa kinachonirudia kila mara ni cha kaskazini mwa Uingereza. Juni 1979 polisi waliokuwa wakimsaka muuaji wa wanawake wa Yorkshire walipokea kanda ya mtu aliyejidai kuwa ndiye muuaji. Stanley Ellis, mtaalamu wa lahaja wa Chuo Kikuu cha Leeds, aliisikiliza, akazunguka vitongoji vya Sunderland akilinganisha matamshi, na akataja eneo la Castletown. Polisi wakaanza kuwaondoa kwenye orodha watu wasio na lafudhi hiyo. Peter Sutcliffe, mtu wa Bradford, alikuwa miongoni mwa waliohojiwa na kuachwa. Wanawake watatu zaidi waliuawa kabla hajakamatwa Januari 1981. Mwaka 2005 vinasaba vya mate kwenye bahasha vilimfichua mwenye kanda: John Humble, mkazi wa Sunderland, aliyekulia umbali mfupi kutoka pale alipopataja Ellis. Alifungwa miaka minane mwaka 2006, kwa ulaghai wake.

Fonetiki ilikuwa sahihi karibu hadi mtaa. Kosa lilikuwa kwenye swali. Ellis na mwenzake Jack Windsor Lewis walikwisha kuonya kwamba kanda inaweza kuwa ya mzushi, na onyo lao halikupewa uzito.

*Inapoangukia.* Kwanza, simu. Laini ya kawaida hupitisha masafa ya takriban hezi 300 hadi 3400 tu. Fomanti ya kwanza ya irabu *i* na *u* iko karibu na hizo 300, kwa hiyo mlango wa simu unaikata au kuisukuma juu. Utafiti wa Byrne na Foulkes wa 2004 uliona simu za mkononi zikiipandisha fomanti ya kwanza kwa wastani wa asilimia 29. Mtaalamu asiyelijua hilo atasema irabu hazifanani, na mtu ataachiwa au kufungwa kwa sababu ya mtandao wa simu.

Pili, jihadhari na neno "alama ya sauti". Mwaka 1962 Lawrence Kersta wa maabara za Bell alidai picha za sauti, spektrogramu, zinamtambulisha mtu kama alama za vidole. Mwaka 1979 kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ilionya kwamba makosa yake hutofautiana mno kutegemea mazingira, na 2007 jumuiya ya kimataifa ya wanafonetiki wa mahakama, IAFPA, iliikataa njia hiyo ya kulinganisha picha kwa macho. Kidole hakipati mafua. Sauti hupata, hulewa, hukasirika, huamka asubuhi ikiwa ya mtu mwingine. Ripoti ikisema "asilimia mia ni yeye", iweke pembeni.

*Mahakamani.* Mahakama ya Rufani ya Ireland Kaskazini, mwaka 2002, ilisema mtaalamu wa kusikiliza peke yake hatoshi kwa kawaida; vipimo vya akustika, yaani vya sauti kwenye kompyuta, viwepo pia. Na kule Sanford jaji aliwazuia wataalamu wa mashtaka kuzungumzia mayowe mbele ya wazee wa mahakama, kwani mbinu za kulinganisha yowe na mazungumzo ya kawaida hazikuwa zimekubalika kisayansi.

*Inamfaa.* Mwenye rekodi safi ya kutosha na kisa ambacho rekodi ndiyo moyo wake: vitisho vya simu, kudai fidia, rushwa iliyonaswa. Utetezi pia. Mtaalamu mzuri wakati mwingine kazi yake ni kusema "rekodi hii haifai kulinganishwa", na sentensi hiyo inaweza kumaliza kesi.

4. Mashine

*Inahitaji nini.* Kila anachohitaji mtaalamu, pamoja na hazina ya sauti za watu wengine wanaofanana na mshukiwa kwa lugha, jinsia na aina ya simu. Bila hazina hiyo programu haijui kipi ni cha kawaida na kipi ni cha pekee.

*Nguvu yake.* Haichoki, haina kinyongo, inapima rekodi elfu kwa usiku mmoja, na makosa yake yanaweza kupimwa mapema. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imekuwa ikizishindanisha programu hizi tangu 1996.

*Inapoangukia.* Kwenye maana ya namba. Programu hutoa uwiano: ushahidi huu una uwezekano mara ngapi zaidi kama msemaji ni mshukiwa kuliko kama ni mtu mwingine. Tuseme mara 1000. Wengi husikia "ana hatia mara elfu". Sivyo. Kama kabla ya sauti mshukiwa alikuwa mmoja tu kati ya wanaume 200,000 wa mji, baada ya sauti amekuwa kama mmoja kati ya 200. Amesogea sana, lakini bado yuko kwenye umati. Kama simu ilikuwa mikononi mwa watu watatu tu, namba hiyohiyo inatisha. Na hao watatu wakiwa ndugu? Basi uwiano haufai tena, kwa sababu ulikokotolewa dhidi ya watu baki, si dhidi ya mdogo wake.

Lugha ni tatizo lingine. Mtu wetu huanza sentensi kwa Kiswahili, akachomeka Kiingereza, akamalizia kwa Kikikuyu au Kihaya. Uliza programu ilipimwa kwa wasemaji gani. Na siku hizi kuna sauti za kughushi za akili mnemba. Mwaka 2019 kampuni moja ya nishati ya Uingereza ilipoteza yuro 220,000 kwa simu iliyoiga sauti ya bosi, na Januari 2024 wapigakura wa New Hampshire walipigiwa na "Biden" ambaye hakuwa Biden. Sauti ya namna hiyo imetengenezwa ifanane, kwa hiyo mashine ya kulinganisha ikisema zinafanana haijasema uongo. Kama ni sauti ya mtu au ya kutengenezwa ni uchunguzi mwingine.

*Mahakamani.* Namba haisimami yenyewe. Anahitajika mtu wa kuieleza na kuhojiwa juu yake, na programu ambayo mwenyewe hataki kufichua ilivyopimwa itakuletea taabu.

*Inamfaa.* Mpelelezi mwenye rekodi nyingi anayetaka kujua aanze na ipi. Kama ushahidi wa mwisho, iambatane na mtaalamu.

Kulingana na hali yako

Uliyevamiwa na mtu unayemjua, bila rekodi: njia ya kwanza. Mtaje usiku huohuo kwa wa kwanza kufika, na kituoni hakikisha jina limeandikwa kwenye maelezo yako, pamoja na maneno aliyoyasema na umemjua kwa muda gani. Yasome maelezo hayo kabla ya kutia sahihi.

Uliyevamiwa na mgeni: omba gwaride ndani ya wiki chache, na usikubali kupelekwa mahabusu "umsikilize tu". Miezi ikishapita, elekeza nguvu kwenye ushahidi usiotegemea sauti.

Mwenye ujumbe wa vitisho kwenye simu: usiufute, usiukate, na usiupige kwa spika ukaurekodi kwa simu nyingine. Faili ya asili ibaki kwenye simu ya asili. Kenya utahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kwa kielelezo cha kielektroniki, basi andika tangu siku ya kwanza nani ameishika simu hiyo. Ikiwa unamfahamu msemaji, toa maelezo yako kabla mtu hajakunong'oneza jina. Mtaalamu aje baadaye.

Mtuhumiwa uliyeombwa sampuli ya sauti: zungumza na wakili kwanza. Mahakama za Juu Kabisa za Marekani mwaka 1973 na India mwaka 2019 ziliona kutoa sampuli si kujitia hatiani kwa kinywa chako, lakini sheria ya kwako ni ya kuulizwa kwako. Na kama una ndugu mnayechanganywa kwenye simu, mwambie wakili mapema. Mama yenu akiwachanganya, hakimu anastahili kulisikia hilo kabla ripoti haijasomwa.